Mwalimu wa Vitenzi Vitiifu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alimpa kila mtoto kitenzi chake. Hukuchagua. Siku ya kwanza ya darasa la tatu ulisimama mbele ya meza yake, akakutazama kuanzia miguuni mpaka kichwani kama fundi anayekadiria kitambaa, kisha akasema, "Wewe ni push." Basi, imekwisha. Tangu siku hiyo popote mlipokutana naye, sokoni, kisimani, mlangoni kwa daktari, ulimwamkia shikamoo kwanza, akaitikia marahaba, halafu akasimama kusubiri. Ulijua anachosubiri. Ulikigeuza kitenzi chako chote, kilichopo, kilichopita, kinachoendelea na kijacho, bila kumeza mate katikati. Ukimaliza alitikisa kichwa mara moja na kuendelea na safari yake.

Mpaka leo yupo fundi baiskeli pale Mandewa anaitwa Pushi. Vijana wanaomletea baiskeli zao wanadhani ni kwa sababu ya kusukuma.

Mimi nilikuwa "ask". Nilijitafutia mwenyewe. Siku ile ya kwanza, kabla hajasema lolote, nilimwuliza kwa nini mguu mmoja amevaa kiatu na mwingine ndala. Akautazama mguu wake kana kwamba naye ndiyo kwanza anauona.

"Kwa sababu huu unauma na huu hauumi," akasema. "Jina lako ask."

Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili. Alishika chaki kwa kipande cha gazeti ili vidole visipauke. Fimbo alikuwa nayo, lakini sikumbuki akimchapa mtu. Ilikuwa ya kuonyeshea ubaoni. Na ubaoni hakukuwa na kitu kingine ila vitenzi vya aina moja: vile ambavyo vikipita unaongeza "ed" mwishoni, basi, hakuna hila. Vitabu huviita vitenzi vya kawaida. Yeye aliviita vitenzi vitiifu. Vile vingine, vinavyobadilika sura ovyo, aliviita vikorofi na aliviahirisha kadiri alivyoweza. Walimu wenzake walilalamika kwamba mtaala unamwacha nyuma. Alisema ofisini, nasi tukasikia tukiwa tumepiga foleni nje, "Go na went ni ndugu gani hao? Hata uso hawafanani. Mtoto nitamwambiaje awaamini?"

Alikuwa na misemo yake. Kuhusu ile "s" inayowafuata "he" na "she" alisema hao wawili ni kama wageni wa heshima, hawaondoki nyumbani kwako mikono mitupu, wape "s" yao. Kuhusu "will" alisema kitenzi hapo hakibadiliki kwa sababu mambo yajayo hayajamgusa mtu bado. Na kuhusu "ed" alisema, akiigonga ubaoni kwa fimbo, kwamba kilichopita lazima kiache alama. Tuliyaimba yote hayo bila kufikiri, kama watoto waimbavyo chochote.

Kwao kulikuwa Kinampanda, na akikasirika alinong'ona Kinyiramba. Shule nyingine za mjini mtoto akisema lugha ya nyumbani alipewa adhabu. Kwake hapana. Alisema lugha yao nyumbani inatofautisha jambo lililopita leo asubuhi na lililopita zamani za babu, na kila moja lina umbo lake, kwa hiyo Mwingereza hana jipya la kututisha. Sisi wa familia za dukani, ambao baba zetu walitoka pwani na mama zetu walikuwa Wanyaturu, tulizoea kujiona ndio wenye lugha. Kwake tulikuwa sawa na mtoto wa mchunga ng'ombe, na mara nyingi mtoto wa mchunga ng'ombe alitupita.

Lakini Kiingereza chenyewe, cha kuzungumza na mtu, alikiogopa.

Siku moja walikuja wageni Wazungu wa mradi wa visima, gari mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwalimu mkuu akamtuma kiranja amwite aje kutafsiri. Akamkuta ameketi nyuma ya darasa, kanga ameifunga kuanzia kidevuni mpaka utosini. Jino, akasema, limeanza sasa hivi. Wageni wakazungumza kwa ishara, wakanywa soda, wakaondoka. Gari zilipopotea nyuma ya majabali, tulimwona kupitia dirishani akifungua ile kanga na kutafuna karanga, tena kwa upande uleule wa jino.

Kesho yake alijua kwamba tulimwona. Aliandika ubaoni, akafuta, akageuka.

"Kitenzi nakijua," alisema. "Mtu wa kumwambia ndiye simjui."

Hakuna aliyecheka. Sijui kwa nini, watoto wanacheka kwa vidogo zaidi ya hivyo.

Alitamka jinsi alivyoandika. Neno likiwa na "ed" mwishoni, basi "edi" yake lazima isikike nzima. Worked kwake ilikuwa "wok-edi", washed ilikuwa "wosh-edi". Tuliokuwa tukipita karibu na darasa lake tulisikia watoto sitini wakipaza sauti, edi, edi, edi, kama watu wanaotwanga. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Edi. Lilianzia kwetu, likavuka ukuta wa shule, likafika sokoni, na huko watu hawakujua chanzo. Waliamini ana mtoto anaitwa Edi. Nilikuwa nimebeba kikapu chake siku ambayo muuza nyanya alimwuliza, "Mama Edi, mwenzetu Edi hajambo?"

"Hajambo," akajibu. "Anasoma."

Tulipofika mbali kidogo nikamwuliza, maana kazi yangu ilikuwa kuuliza. "Mwalimu, Edi ni nani?"

"Si nyinyi mliomzaa?" akasema, na akanichukulia kikapu.

Hakuwa na mtoto. Hilo niliambiwa na mama yangu baadaye. Alikuwa na mume mfanyakazi wa reli kule Itigi, yeye mwalimu alipangiwa kufundisha Ulemo. Aliomba uhamisho mwaka hadi mwaka ili wakae pamoja. Uhamisho ulipokuja haukuwa wa Itigi, ulikuwa wa Singida mjini, na kufikia hapo mume alishaoa mwingine na alikuwa na watoto wawili. Miaka ile ya Ulemo kila Ijumaa alitembea kwa miguu mpaka Kinampanda kumwuguza mama yake, na Jumapili akarudi kwa miguu. Mguu ule wa ndala uliharibikia huko. Haya yote yeye mwenyewe hakuwahi kuyagusa. Mtu aliyetufundisha wakati uliopita kwa miaka mitatu, wa kwake aliuacha nje ya darasa.

Sasa niseme ninachodaiwa na moyo wangu.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Aliinuka kufungua mlango wa duka, akaketi tena. Siku ya pili ya matanga, walimu walikuja kutoa pole, naye akiwamo, mguu wake ukiburutika. Nilipomwona nilisimama kwa woga na mazoea, nikaamkia, nikaanza, "I ask, I asked, I have..." mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani. Alinisogelea upesi akaniwekea kiganja mdomoni. Kilinuka chaki.

"Leo hapana, mwanangu," akasema. "Leo hapana."

Mama alipokuwa edani, hatoki, na mimi nikiwa nimekata tamaa ya shule, mwalimu alikuja dukani kila alasiri kwa miezi minne na siku kumi. Alikaa juu ya gunia la chumvi, mimi juu ya ndoo, akanifundisha. Hakuna aliyemwomba. Mteja akija alinyamaza, nikahudumia, tukaendelea. Mwaka uliofuata nilifaulu kwenda sekondari, mmoja wa wasichana watatu wa shule yetu mwaka ule. Nilipokwenda kumuaga alinitaka nigeuze "ask" kwa mara ya mwisho, na nilipofika "I will ask" aliniambia nirudie hapo, nirudie tena.

Miaka niliyokuwa sekondari ndiyo miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nilirudi mjini nikakuta mitumba imefunika njia ya sokoni, video zinaonyeshwa kwenye banda la mbao, na kila mwenye kitu anasema watoto wake watasoma Kiingereza tangu chekechea. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua ngozi alijenga shule upande wa Mandewa, rangi ya bluu na nyeupe, na mlangoni akaandika kwamba hapa Kiswahili hakiruhusiwi. Mwalimu mkuu alimleta kutoka nchi jirani, kijana nadhifu, mwenye Kiingereza kinachotiririka. Mimi nilipata kazi ya ukarani. Nilivaa sketi ya mtumba iliyopigwa pasi, nikakaa nyuma ya mashine ya chapa, nikajiona nimefika.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inapunguza watu. Mwalimu wangu alikuwa kwenye orodha. Walimpa barua, wakamuaga kwa chai na maandazi, na kiti chake ofisini akapewa mwingine. Sikwenda kwenye hiyo chai. Nilisikia, nikasema nitapita kwake Jumamosi, na Jumamosi ikapita.

Kisha siku moja tulikuwa tunasaili walimu, nikachungulia orodha, nikaliona jina lake.

Alikuja amevaa gauni la kitenge lililopauka mabegani, na miguuni viatu vyote viwili. Nilijua jinsi ule mguu unavyomuuma ndani ya kiatu. Kwapani alibeba karatasi ya manila aliyoizungusha na kuifunga kwa uzi. Alinitazama, akatabasamu kidogo tu, kama mtu asiyetaka kumharibia mwenzake kazi. Nikainamisha uso kwenye daftari la kumbukumbu. Shikamoo yangu ilitoka kwa sauti ya chini mno, sijui kama ilimfikia.

Mwalimu mkuu akamwuliza kwa Kiingereza, atueleze habari zake.

Mwenye shule akajikuna shingo. Mwalimu wangu akafungua ule uzi taratibu, akaitandaza manila mezani: safu na safu za vitenzi, nyakati zote, mwandiko wake ulionyooka. Mwalimu mkuu akaisogeza pembeni kwa adabu na kumrudia swali lilelile, polepole zaidi.

Akasimama. Akashika mgongo wa kiti.

"I worked in Ulemo," akasema. Wok-edi. "I walked to Kinampanda." Wok-edi tena, kwake maneno yale mawili yalitamkika karibu sawa. Akapumua. "I waited."

Hakusema alisubiri nini. Alikaa.

Mwenye shule, ambaye Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha ngozi na mizani, alipasuka kicheko. "Wok-edi!" akasema. Mwalimu mkuu akauma mdomo ili asicheke, akashindwa. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilitabasamu kwa sababu wakubwa wangu walikuwa wanacheka. Na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba amesimulia maisha yake yote, hakubakiza kitu.

Walimshukuru, wakamwomba angoje nje kwenye benchi. Alipotoka, mwenye shule akanigeukia.

"Wewe si umesoma shule ile ya huyu mama? Ndiye aliyekufundisha?"

Lilikuwa swali la kawaida. Hakuna aliyeniwekea kisu shingoni. Ningesema ndiyo, nadhani wasingempa kazi hata hivyo, na mimi nisingefukuzwa. Lakini nilifikiri watasikia nami "edi" zangu, watanitazama vingine.

"Alikuwa pale shuleni," nikasema. "Ila Kiingereza nilikipata sekondari."

"Inaonekana," alisema mwalimu mkuu, akinisifu.

Jengo lilikuwa jipya. Madirisha ya upande wa benchi yalikuwa na nondo tu, vioo havijafika.

Barua ya kumkatalia niliiandika mimi. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitano, nikaipiga haraka ili nisiisome, mwalimu mkuu akaweka sahihi. Baada ya wiki moja nilikuta bahasha mezani kwangu, mlinzi akasema ameiacha mama mmoja anayechechemea. Ndani kulikuwa na barua yetu ileile. Nilikuwa nimeandika kwamba tumepokea maombi yake, na pale kwenye kupokea nilikuwa nimeandika "have receive". Kwa kalamu nyekundu alikuwa ameongeza "d". Pembeni, kwa mwandiko ulionyooka, ameandika neno moja: Rudia.

Nilikaa na karatasi ile mpaka kengele ya mapumziko ikalia na watoto wakatoka mbio wakipigiana kelele kwa Kiingereza. Jioni nilikwenda nyumbani kwake. Chumba kilikuwa kimefungwa. Mwenye nyumba akasema amehama, amerudi kwao.

Ilinichukua miaka mitano kwenda Kinampanda. Nikieleza sababu nitakuwa najitetea tu: niliolewa, nikazaa, nikaacha ile kazi, gari za kule zilikuwa za taabu. Siku nilipokwenda nilibadilisha gari Misigiri, nikafika jua limeshapanda. Nikaulizia mwalimu. Watu hawakumjua kwa cheo hicho. Nikaeleza mguu, wakanionyesha.

Alikuwa kwenye ua wake, amekaa juu ya kigoda, anapiga vichwa vya alizeti kwa kijiti, mbegu zinaanguka kwenye turubai. Alikuwa amepungua sana. Kitambaa cha kichwani kilionekana kizito kwake. Miguu yote miwili ilikuwa peku.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Akakinga macho kwa kiganja. Nilisubiri anitake nigeuze kitenzi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Karibu kiti, binti. Mjini hawajambo? Mama yako?"

Tuliongea habari za mama, za mvua, za bei ya alizeti. Akaniletea uji wa uwele kwenye kibuyu. Nikaunywa, na nilipoona kwamba nitaumaliza na kuaga bila kusema, nikakiweka chini.

"Mwalimu, siku ile ya usaili..."

"Dirisha halikuwa na kioo," akasema.

Kijiti chake kiliendelea kupiga. Nikapiga magoti juu ya turubai, kwenye mbegu. Nikasema nisamehe. Nikasema nilikuwa mtoto, ingawa sikuwa mtoto. Nikamkumbusha gunia la chumvi, kana kwamba ni yeye aliyelisahau.

"Inuka, unanimwagia mbegu," akasema, si kwa ukali. Kisha akaongeza: "Kazi nilijua sitapata. Nilipowaona wale nilijua. Nilikaa pale benchi kwa sababu nilisikia wamekuuliza. Nikasema ngoja nisikie atakavyojibu, halafu niende zangu. Nilitaka kusikia tu, mwanangu. Sikutaka kingine."

Nilichukua kichwa kimoja cha alizeti nikaanza kukipiga kwa mkono.

Mara akapita jirani yake, bibi mmoja amejitwisha mzigo wa kuni, akasimama kwenye uwazi wa ua. Wakaamkiana kwa Kinyiramba. Yule bibi akaninyooshea kidevu, akauliza kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni, "Na huyu nani?"

Mwalimu alifungua mkono kuelekea njia ya barabarani. "Mgeni," akasema. "Wa mjini."

Ilikuwa kweli, na ilinichoma. Nikasimama. Nilisimama wima kama tulivyokuwa tukisimama darasani, mikono nyuma.

"Mimi ni mwanafunzi wake, bibi," nikasema kwa sauti. "Huyu ni mwalimu wangu. Kiingereza changu chote amenifundisha yeye. Baba alipokufa alikuja nyumbani kunifundisha, kila siku, mpaka nikafaulu. Ni yeye, si mwingine."

Yule bibi alinitazama kwa upole, akatabasamu, akauweka sawa mzigo wake.

"Eeh," akasema. "Nami naona itanyesha."

Akaenda zake.

Niligeuka. Mwalimu alikuwa ameacha kupiga alizeti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua ni kilio au nini mpaka nilipoona meno yake machache. Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu nimfahamu.

"Hasikii huyo," akasema. "Masikio yalikufa zamani. Hajakusikia hata neno moja."

Nikacheka na mimi, nikalia, vyote kwa pamoja. Tulipotulia alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akaokota kijiti chake, akakigeuzageuza mkononi bila kupiga.

"Mimi nimesikia," akasema.